Baba Yako Hakuchoka

Nakuru, Desemba 2008

Nekesa mwanangu,

Umeenda kusukwa, na kwa jinsi yule dada wa saluni anavyopenda stori, najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kesho alfajiri gari la kukupeleka uwanja wa ndege litakuwa mlangoni. Sanduku lako limefungwa. Shangazi yako amekwisha kukuhubiria kuhusu baridi, kuhusu wanaume na kuhusu kula vizuri, kwa hiyo hayo nimemwachia yeye. Ukisahau sweta, huko kuna maduka.

Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu Machi. Baadaye, wale watu wa chuo walipokutaka ueleze kwa nini unataka kusomea mambo ya ubongo na kompyuta, uliandika ukurasa mmoja ukanipa niangalie makosa. Uliandika kwamba baba yako aliacha kuzungumza nasi kwa ile kadi ya herufi kwa sababu ilimchosha, na kwamba hutaki mgonjwa mwingine anyamaze kwa kuchoka. Niliongeza nukta mahali pamoja, nikakurudishia, nikasema iko sawa. Haikuwa sawa. Baba yako hakuchoka. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, kisha nikakudanganya, na juu ya uongo huo umejenga safari yako yote.

Sasa nimeshaandika hilo, na mkono bado unafanya kazi. Utanivumilia nikirudia na yale unayoyajua. Nataka yakae yote mahali pamoja.

Unajua kwamba mimi na baba yako tuliongea kwa simu kabla hatujaonana. Nilikuwa opereta katika ofisi ya simu hapa mjini, yeye alikuwa fundi wa laini. Siku nzima nilikaa na vifaa masikioni, nachomeka waya hapa, nachomoa pale, mtu wa Molo anaongea na mtu wa Nairobi, na mimi niko katikati yao. Kila jioni ilikuwa ikiingia sauti moja kutoka juu ya nguzo fulani kule Njoro au Mau Summit: "Opereta, unanipata?" Nami nikijibu, "Nakupata." Alinitongoza hivyo miezi mitatu, kwa maneno hayo hayo, akijifanya anajaribu laini. Na aliyekuwa chini amemshikia ngazi, akijua kila kitu na kucheka peke yake, ni Kinyua.

Kinyua alikubeba ukiwa na wiki mbili, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sura yake. Ila labda hujui walivyoishi. Baba yako Mbukusu wa Bungoma, Kinyua Mkikuyu wa Bahati, na kwa miaka kumi na tisa walikula kwenye sufuria moja katika kambi za mafundi. Kambini hakukuwa na kioo cha maana, kwa hiyo walinyoana ndevu. Kila Jumamosi mmoja anakaa juu ya gurudumu la kukunjia waya, mwingine anashika wembe. Na walikuwa na sheria yao ambayo sidhani iliandikwa popote: aliye chini haondoki, hata mvua inyeshe, hata chakula kipoe, mpaka aliye juu aseme, "Nimeshuka." Siku moja Kinyua alisimama chini ya nguzo saa mbili nzima kwenye mvua ya Molo, kwa sababu baba yako alikuwa ameteremkia upande wa pili wa ua akasahau kusema. Walicheka kisa hicho mpaka wakaota mvi.

Sisi maopereta tulikuwa na sheria nyingine. Dakika zikiisha, unakata. Niliwakata watu wengi. Kuna mama mmoja nilimkata akiwa anampasha mwanawe habari ya msiba, hajafika kwenye jina la marehemu. Na kama mtu alinijibu vibaya nikaamua simuunganishi, nilisema tu, "Hapatikani." Nani angenipinga? Waya ulikuwa mkononi mwangu. Simu za mkononi zilipokuja zikatutoa kazini sote watatu, nilidhani ile tabia niliiacha ofisini pamoja na kiti changu. Sikujua kwamba nilitoka nayo.

Kiharusi kilimpata Agosti ya mwaka jana. Daktari alizungumza na wewe, maana mimi nilikuwa nalia sisikii. Mwili umelala wote, ulimi umelala, lakini akili iko nzima, na macho bado yanapanda na kushuka. Kupanda iwe ndiyo, kushuka iwe hapana. Tulimleta nyumbani Kaptembwa na hayo tu.

Miezi mitatu tulimuuliza maswali yetu. Una njaa? Una baridi? Nikugeuze? Macho juu, macho chini. Nilijisifu kwa majirani kwamba mimi na mume wangu tunaelewana kuliko zamani. Yeye hakuwa na njia ya kuniambia kwamba nauliza mambo yasiyo na maana kwake.

Halafu ukaja na ile karatasi. Kipande cha gazeti kuukuu tulilofungiwa nyama, lina damu pembeni, ukakiosha kwa kitambaa kibichi kana kwamba ni cheti. Uliketi kando ya kitanda ukamsomea polepole. Kwamba ng'ambo kuna mtu aliyevunjika shingo, hawezi kusogeza hata kidole, na madaktari wamempandikiza kidude ndani ya ubongo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chenye nywele za chuma nyembamba zisizoonekana. Kwamba waya unatoka kichwani mwake unaingia kwenye kompyuta, naye akifikiria tu kusogeza mkono, kidoti kinasogea kwenye kioo, kinafungua barua, kinachora duara lililopindapinda. Mimi nilifanya ishara ya msalaba. Baba yako alikuwa amekutolea macho kama siku ile ulipomletea matokeo ya fizikia.

Ukasema, "Baba, hii kitu itafika huku. Lakini hatutangoja. Tuanze na yetu." Ukakata katoni ya mafuta ya kupikia, ukaandika herufi kwa kalamu nene, mistari mitano. Unapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka apandishe macho, kisha herufi kwa herufi mpaka apandishe tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Ilichukua karibu robo saa, ukiandika kila herufi kwenye daftari. Nilifikiri atasema ananipenda, au amwombe Mungu. Ulipomaliza ukasoma kwa sauti: ZIMA REDIO.

Miezi mitatu, Nekesa. Nilikuwa namfungulia nyimbo za injili kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kila mgeni namwambia zinamtuliza. Wewe ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Mimi nilicheka pia, lakini niliona aibu, kwa sababu nilikuwa na hakika kabisa kuhusu ile redio.

Siku iliyofuata ulimuuliza anaonaje habari ya yule mtu mwenye waya kichwani. Akaandika: NA WAYA UKIKATIKA. Ukamjibu, "Nitapanda mimi, Baba." Macho yake yalipanda yakabaki huko juu. Nadhani ni siku hiyo ulipoamua maisha yako, na nakumbuka niliona wivu kidogo, kwa sababu kitanda kile kilikuwa kimejaa watu wawili tu.

Na Jumamosi, Kinyua. Alikuja kila Jumamosi tangu mzee atoke hospitali, kutoka Free Area, na mkoba wake wa plastiki wenye brashi, sabuni na wembe. Alimnyoa huku akimsimulia habari za mji, na akimaliza anasema, "Boss, umeshuka?" Macho yanapanda, ndipo anaaga. Mlipomwonyesha kadi alikaa nayo jioni nzima. Sijui waliandikiana nini. Nilikuwa jikoni, nasikia Kinyua akicheka.

Ya Januari sitaandika yote. Ulikuwa umeenda Bungoma kwa nyanya yako kwa Krismasi, uchaguzi ukaja na vita vyake vya kikabila, barabara zikafungwa nyuma yako, na nilimshukuru Mungu kwamba haupo. Kutoka mlangoni tuliona moshi pande tatu. Sikuweza kumhamisha baba yako, kwa hiyo tulikaa. Nilimgeuza, nikamlisha, nikamwambia ni takataka zinachomwa. Hakuamini, na hakuwa na jinsi ya kuniuliza, maana nilikuwa bado sijajifunza ile kadi.

Mwisho wa mwezi mjomba wako Barasa akafika kutoka Naivasha. Ndugu yangu mmoja tu wa tumbo moja. Alifika na kiatu kimoja, mkono umefungwa kwa kipande cha pazia. Nyumba yake ya Kamere ilikuwa imeteketea, na kati ya waliokuja na mafuta ya taa alitambua Wakikuyu aliokuwa akivuna nao maua. Alinisimulia akiwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda cha baba yako. Alipomaliza akaniuliza, "Na huyu wa Jumamosi, dada, bado unamfungulia?"

Lile swali lilikaa nami wiki nzima, nikipika, nikifua. Nataka uelewe nilikuwa na hasira ya kweli, sikuigiza. Nilimtazama ndugu yangu akijaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, nikataka mtu wa kumtoza, na watu wa Naivasha sikuwafikia.

Jumamosi moja mwezi wa pili Kinyua akabisha geti. Fikiria Mkikuyu kama yeye kuvuka mji kuja Kaptembwa wiki zile. Alikuwa amekonda. Mkoba uko mkononi.

"Mama Nekesa. Mmeamkaje?"

"Tuko."

"Nimekuja ya Jumamosi. Nilikosa nne, lakini njia ilikuwa mbaya."

Nikamwambia, "Mzee amesema usikuje tena."

"Amesema?"

"Ameandika. Na ile kadi."

Hakubishana. Kadi alikuwa ameishika kwa mikono yake, alijua inafanya kazi. Angekuwa ameambiwa na mtu mwingine kwa maneno matupu angecheka, angenisukuma kando aingie. Aliangalia dirisha la chumba, akaweka mkoba chini kando ya geti, akasema, "Sawa. Mwambie nimesikia." Akaenda. Mtu hana sauti, na mimi nikamtilia maneno mdomoni, tena kwa kile kitu ulichomtengenezea ili aseme ya kwake.

Niliingia ndani nikamwambia baba yako kwamba Kinyua amehamia Naivasha kwa watu wake. Nilichagua Naivasha makusudi. Nilitaka jina hilo limuume. Macho yake hayakupanda wala hayakushuka. Yalinitazama tu, mpaka nikachukua ndoo nikatoka.

Kuanzia hapo nilimnyoa mimi. Sikujua kunyoa. Kila wiki nilimkata chini ya kidevu, upande wa kushoto, na damu ilikuwa ndogo lakini sikuwahi kuizoea.

Kadi tuliendelea nayo, kwa maana sasa nilikuwa nimejifunza. Aliandika MGONGO, aliandika CHUMVI ZAIDI, aliandika jina lako mara nyingi, akitaka nimsomee ujumbe wako wa simu. Halafu asubuhi moja ya Machi, baada ya kumnyoa, akaitafuta kadi kwa macho. Nikaishika. K. Kisha I. Kisha N. Nilijua nikiwa kwenye Y. Kidole kiliendelea peke yake, kwa mazoea: U, A. Jina likatimia. Nikadhani ameishia hapo. Akapandisha macho tena, akitaka tuendelee, akachagua A nyingine.

Nekesa, sijui A ile ilikuwa mwanzo wa nini. Kinyua aje. Kinyua ananinyoa vizuri. Kinyua alikuja hapa, nilisikia sauti yake getini. Nimejaza nafasi hiyo kwa maneno mengi sana mwaka huu, na yote ni yangu. Kwa sababu nilifunga kadi. Nilisema, "Umechoka, Baba Nekesa. Tutamalizia kesho." Akateremsha macho. Hapana. Akateremsha tena, na tena, haraka, mpaka machozi yakatoka pembeni, na mimi nikamfuta machozi nikasema, "Unaona? Umechoka." Kadi nikaiweka juu ya kabati.

Aprili ulirudi. Ulipoiulizia nilikuambia inamliza, daktari amesema aachwe. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Wewe hukuridhika, ukaishusha, ukaenda nayo kitandani ukamuuliza mwenyewe: "Baba, unataka tuandike?" Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, na nilijua mwisho wangu umefika.

Alinitazama mimi kwanza. Muda mrefu. Kisha akateremsha macho.

Ulidhani amechoka. Nilikuona mabega yalivyoshuka. Mimi nilijua kwamba alikuwa na nguvu za kuandika kila kitu nilichofanya, na alikuwa na wewe, na alikuwa na muda. Labda alinificha ili usinichukie. Labda aliona hakuna faida ya kusema katika nyumba ambayo mtu anakatwa akiwa katikati ya neno. Ya kwanza inaniuma, ya pili inaniuma zaidi, na siwezi kumuuliza.

Kuanzia jioni hiyo ukaanza kukesha kwenye saiba, kwenye kompyuta za kukodi, ukiandikia vyuo. Ulinieleza huku ukiosha vyombo: kadi inamchosha mgonjwa kwa sababu ni ya polepole, ni ya kidole cha mtu mwingine, lakini kidude cha ubongoni hakitamsumbua, atafikiria tu na maneno yatajiandika. Ulikuwa unang'aa. Ningekuzima vipi? Hivyo nilijiambia, na ilinifaa kujiambia hivyo.

Wiki moja kabla ya kufa kwake ulikuja mbio na karatasi nyingine. Safari hii ni tumbili, ana waya kichwani, na kwa mawazo yake anausogeza mkono wa chuma unamletea matunda mdomoni. Ulimwigiza baba yako yule tumbili, mpaka na kutafuna. Ulisema, "Baba, tumekaribia." Alikupandishia macho. Hayo ya mwisho nimeyaweka, nayo ni yako, hayana doa langu.

Juni alikufa. Tulipokuwa tukiuchukua mwili mochari kuupeleka Bungoma, Kinyua alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ua, kofia mkononi. Uliniuliza, "Mbona Anko hakuji karibu?" Nikakujibu, "Watu wamebadilika." Hata hapo, mwanangu, jeneza likiwa mbele yetu.

Jumapili iliyopita nilienda Free Area. Nilichukua kadi na ule mkoba wa wembe, ambao miezi yote hiyo niliuficha chini ya kitanda changu. Kinyua ana kibanda cha kutengeneza simu za mkononi sasa, nyuma ya nyumba. Alinipa kigoda akaendelea kuchomelea kitu kidogo kwa chuma cha moto na risasi, miwani imeshuka puani. Nikamwambia yote, kuanzia getini. Sikulia, maana nilijikataza. Machozi yangemlazimisha anibembeleze.

Alizima chuma chake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Nani alikuwa anamnyoa?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamkata?"

"Hapa chini. Karibu kila wiki."

"Upande wa kushoto," akasema. "Hapo ndevu zake zinageuka. Unavuta ngozi na kidole kwanza ndio upitishe wembe. Ningekuonyesha, Mama Nekesa. Ilikuwa kitu ya dakika mbili."

Hapo ndipo nilipolia, marufuku yangu ikavunjika. Yeye hakunibembeleza. Aliniambia kwamba dada yake alifukuzwa Molo wiki hizo hizo, na watoto wake watatu walikuwa wanalala kwenye sakafu ya kile kibanda siku aliyovuka mji kuja kwetu. Hakuwa amemwambia mtu wa kwetu, maana hakuja kuzungumzia hayo. Akasema, "Mimi nilijua amenikataa juu ya kabila. Miaka kumi na tisa. Nikajiambia, basi hata huyu."

Akataka kadi. Alipitisha kidole juu ya herufi zote sita za jina lake, moja moja, kidole chenye makovu ya moto. "Halafu?"

"Halafu A."

"Halafu?"

"Nilifunga."

Aliirudisha mikononi mwangu. Mkoba aliubakiza. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Nilipofika mlangoni akasema, "Msichana anajua?" Nikasema hajui. "Mwambie kabla aende. Usingoje kumwambia na simu."

Ndiyo maana barua hii haiko ndani ya sanduku. Nilikuwa nimeshaiandika kichwani uisome ndegeni, juu ya mawingu, ambapo huwezi kurudi wala kunipigia. Nilipoiwaza vizuri nikaona ni mchezo wangu ule ule wa kusema halafu nikakata.

Siandiki haya ili uache safari. Nenda. Natamani kile kidude kifike mpaka Kaptembwa, na nikiwa hai nikione. Lakini nilikuwa ndani ya chumba kile kuliko mtu yeyote, na nitakuambia nilichoona. Baba yako hakukosa chombo. Alikuwa nacho, kipande cha katoni, na kilitosha. Alichokosa ni mtu wa kukishikilia mpaka amalize. Hicho chenu kitakuwa kidogo kuliko ukucha, kitakuwa na kasi, lakini kitakuwa na mahali pa kukizimia, na karibu na hapo atakaa mtu. Mke, mtoto, nesi. Mtu amechoka, ana hasira ya mambo ya nje, anampenda mgonjwa kweli kabisa na anaogopa kitakachoandikwa. Mtakapokuwa mnashangilia kompyuta ikisema maneno ya kwanza, mtazame huyo pia. Usimdharau. Ni mama yako huyo.

Sina lingine la kukufundisha, na hata hilo nimelinunua ghali kwa pesa isiyokuwa yangu.

Nitaiweka barua kwenye mto wako, na kadi juu yake. Kadi uichukue au uiache, ni kazi ya mikono yako. Nukta zile mbili pembeni mwa herufi A ni damu yake, ya kidevuni, sikuzifuta. Kesho anayekuja na gari ni Kinyua. Ameliazima kwa jirani yake, alinipigia jana akasema atakupeleka mwenyewe, na akakata kabla sijamshukuru. Nilifurahi kukatwa. Ukiwa naye njiani muulize chochote unachotaka, sitakuwepo kuziba.

Utasoma haya ukiwa umeketi kitandani na nywele mpya zinauma. Huenda ukanichukia. Huenda ukapiga kelele, na majirani wasikie, wacha wasikie. Nakuomba usininyamazie tu kama alivyonyamaza yeye, hiyo nimeshaonja. Niko jikoni, nachambua sukuma ya jioni. Njoo useme yote, kwa muda wowote yatakaochukua, hata kama ni mpaka gari lifike. Sitakwambia umechoka. Sitatoka pale mpaka wewe mwenyewe uniambie umeshuka.

Mama yako